Tobia Hakusema Ni Jiwe Lipi



Kama Biblia iko karibu, fungua Nehemia sura ya 4. Kama haiko karibu, endelea kusoma tu, utaifungua jioni.

Ukuta wa Yerusalemu umefika nusu. Wanaoujenga si mafundi wa kuajiriwa. Sura ya 3 imewataja mmoja mmoja, na ndiyo sura ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Usiiruke. Humo kuna makuhani, kuna mfua dhahabu, kuna mtengeneza manukato, kuna mtu anayeitwa Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Hawa ni watu wa kujitolea. Mikono iliyozoea chupa za manukato sasa inabeba mawe. Ndipo anatokea Tobia Mwamoni, amesimama kando ya Sanbalati, anasema kwamba hata mbweha akipanda juu ya ukuta huo ataubomoa.

Kuna jambo dogo hapo nataka ulione. Tobia alitoa maoni kuhusu ujenzi. Alisema ukuta ni dhaifu. Na inawezekana kabisa kulikuwa na sehemu dhaifu, maana mtengeneza manukato si mwashi! Lakini Tobia hakusema ni jiwe lipi. Hakutaja lango, hakutaja upande. Huyo mbweha atapandia wapi? Hakusema. Alicheka na wenzake basi.

Sasa shuka aya chache tu. Watu wa Yuda nao wanaleta neno gumu: wabebaji wamechoka, kifusi ni kingi, hatutaweza kuujenga huu ukuta. Ukipima ukali, neno la Yuda ni zito kuliko la Tobia. Tobia alifanya mzaha. Yuda walisema kazi haitakwisha. Lakini neno la Yuda lina kitu unachoweza kukishika: kifusi. Kifusi kinaonekana. Kifusi kina mahali. Kiongozi akiambiwa kuna kifusi anaweza kutuma watu na mabeleshi.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba ukosoaji wa kujenga ni ule wa maneno matamu na wa kubomoa ni ule wa maneno makali. Nimesikia maneno matamu sana yakimaliza huduma ya mtu. Na nimesikia neno kali likiokoa kazi ya miaka kumi. Mimi nauliza hivi: neno lako linaonyesha jiwe, au linamwonyesha mjenzi kidole?

Leo kuta nyingi zinajengwa kwenye simu. Kuna kikundi cha WhatsApp cha kuchangia bili ya hospitali ya jirani. Kuna waliosoma pamoja ambao sasa wananunulia shule yao ya zamani madawati. Kuna wanaoandika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003 na ambayo mpaka leo waandishi wake hawalipwi kwa makala wanazoandika. Mtoto wako anaisoma akifanya kazi ya shule wala hajui ni nani aliyekesha. Kuna vijana wa mitambo wanaorusha ibada ili mama aliyeko kazini Doha aone kanisa lake la nyumbani. Usione vyaelea, vimeundwa. Wengine wao wananunua hata bando kwa pesa yao.

Mtu wa kulipwa ukimtukana, mwisho wa mwezi mshahara unamrudisha kazini hata kama hataki kukuona. Mtu wa kujitolea anarudishwa na moyo wake tu. Ukiuvunja, hakuna kingine cha kumshika, na huwezi kumfuata na barua ya kumuita kazini.

Kijana mmoja aliyekuwa akisimamia sauti kanisani kwetu amerudisha funguo za chumba cha mitambo. Ana miaka 22. Kila Jumapili alifika kabla ya saa moja kuvuta nyaya, na kila Jumapili, ibada ikiendelea, watu waliojifunika blanketi nyumbani walimwandikia: sauti gani hii, aibu, hamna watu wa maana huko? Nilisoma ujumbe wa miezi mitatu. Katika yote hiyo, mmoja tu ulisema kitu cha kushika. Mshirika mmoja aliandika kwamba kwaya ikiimba sauti iko sawa, lakini mhubiri akianza inakwaruza, na inakwaruza zaidi anaposogea upande wa kulia wa madhabahu. Ndiyo. Ilikuwa waya wa kipaza sauti. Fundi aliutengeneza kwa dakika chache. Hao wengine walikuwa wamesikia tatizo lile lile, tena wengine wana masikio mazuri kuliko huyo mshirika. Walichagua kumtukana kijana.

Nikupe mfano mwingine wa mbali, kwa maana unaonyesha mahali maneno ya kubomoa yanaweza kuwafikisha watu. Waumini wenzangu wasiojua kompyuta wasiogope, nami nilielezwa polepole.

Mitambo mingi inayoendesha intaneti duniani inatumia mfumo unaoitwa Linux. Ndani yake kuna vipande vingi vidogo, na kimoja kinaitwa XZ. Kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi kipande hicho kilitunzwa hasa na mtu mmoja wa Ufini, Lasse Collin, kwa muda wake mwenyewe, bila malipo. Mwaka 2022 wakaanza kuja watu na malalamiko. Kazi inachelewa. Mtunzaji amepoteza moyo. Atafutwe mwingine, bila hivyo hakuna kitakachosonga. Walirudia na kurudia. Yeye akajibu hadharani, kwa upole, kwamba hajaacha kuijali kazi, ila afya ya akili imemsumbua kwa muda mrefu na nguvu zimepungua. Akawakumbusha pia kwamba ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Mtu anakwambia hivyo nawe unafanya nini? Mmoja wao alizidi kumsukuma.

Wakati huo huo kulikuwa na mwingine, aliyejiita Jia Tan, mpole, msaidizi, anayeleta kazi iliyokamilika. Unaona inakoelekea? Mtunzaji aliyechoka, anayepigwa mawe na umati, akamkabidhi yule mpole sehemu ya funguo. Mtu huyo akafanya kazi kwa uaminifu wa kuonekana kwa muda mrefu. Kisha, mwanzoni mwa 2024, akaficha ndani ya programu hiyo mlango wa siri, ambao mwenye ufunguo wake angeweza kuingia kwenye kompyuta za watu na kuziamuru. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba jina Jia Tan lilikuwa la kubuni, na kwamba baadhi ya wale walalamishi walikuwa wa mpango ule ule. Walipiga kelele ili mlinzi wa lango achoke.

Bwana Yesu alituonya kuhusu mbwa mwitu waliovaa ngozi ya kondoo. Hapa nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kabla mbwa mwitu hajaingia zizini, kuna kelele zinazomchosha mchungaji. Na si lazima kelele hizo zitoke kwa adui. Wewe na mimi, washirika wazuri kabisa, tunaweza kuzipiga bure, bila hata kulipwa na adui.

Aliyeokoa mambo ni mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa wajenzi wa programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL. Alikuwa akipima kitu kingine kabisa. Akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia fulani kunachelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wewe na mimi tungesema mtandao uko chini. Yeye akafuatilia mpaka akafika kwenye XZ, na tarehe 29 Machi 2024 akaandika ujumbe kwa wote. (Ilikuwa Ijumaa Kuu. Sisemi zaidi.)

Ujumbe huo ulikuwa na neno zito kuliko yote ambayo walalamishi wa 2022 walisema. Ulisema programu hii imetiwa sumu. Lakini ulitaja ni toleo lipi, faili gani, ameipima vipi, saa inasomaje kabla na baada. Tena alikiri kwamba yeye si mtaalamu wa mambo ya usalama, ili wanaojua zaidi waichunguze kazi yake. Hakumtukana Lasse Collin. Hakuandika kwamba watu wa kujitolea hawana maana. Alionyesha jiwe. Watu duniani kote wakakimbilia lile jiwe. Na Collin mwenyewe alirudi kwenye ukuta wake, akausafisha, na kufikia mwisho wa Mei 2024 alikuwa ametoa toleo lililoondolewa ule uchafu.

Nakutajia hili kwa sababu kuna mafundisho mabaya ya kwamba ukimpenda mtu wa kujitolea usimkosoe. Hapana. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kama Freund angenyamaza kwa adabu, sijui ni milango mingapi ingefunguliwa usiku.

Tazama jinsi Maandiko yanavyofanya. Kutoka 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa ameketi akiamua kesi tangu asubuhi mpaka jioni, watu wamepanga foleni jangwani. Kwanza anauliza anafanya nini na kwa nini yuko peke yake. Watu wengi tunaruka hapo. Tunatoa hukumu kabla ya kuuliza. Kisha anamwambia wazi kwamba jambo hilo si zuri, kwamba atachoka yeye na watu wake pia. Yethro ni mzee, ni baba mkwe, hakulainisha. Lakini hakuishia hapo. Alitoa mpango mpaka idadi: viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Kesi kubwa ziletwe kwa Musa, ndogo wazimalize wenyewe. Na akamwambia afanye hivyo ikiwa Mungu ataagiza hivyo, maana yake alimwachia Musa nafasi ya kupima.

Sisemi kwamba usiongee mpaka uwe na suluhisho. Nimesikia viongozi wakitumia hiyo kuwafunga watu midomo: kama huna suluhisho nyamaza. Mgonjwa hahitaji kujua dawa ndipo aseme panauma wapi. Lakini aseme panauma wapi! Daktari hawezi kutibu mtu anayelia tu kwamba hospitali hii ni mbaya.

Au Matendo 18. Apolo anahubiri kwa moto, mwenye ujuzi wa Maandiko, lakini anajua ubatizo wa Yohana tu. Kuna pengo kubwa katika mafundisho yake. Prisila na Akila wamekaa kwenye sinagogi wanamsikia. Wangeweza kusimama pale pale. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mwisho wa sura Apolo anakwenda Akaya, tena ndugu wamemwandikia barua ya kumtambulisha, na huko anawasaidia sana waliomwamini Bwana. Huduma yake iliendelea ikiwa na nguvu zaidi. Jiulize juu ya yule uliyemkosoa mwaka jana. Yuko wapi leo? Bado anahudumu?

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu wachungaji wenzangu na wasimamizi wa vikundi wanasoma hapa wakisema amina kubwa, na amina yao inanitia wasiwasi kidogo.

Tumempenda Nehemia wa sura ya 4 kupita kiasi. Kila anayeuliza swali tunamwita Sanbalati. Mshirika akiuliza habari za mchango, roho ya Tobia. Kijana akisema ratiba haifai, adui anapigana na maono. Halafu tunamalizia na ile aya ya Zaburi ya 105 kuhusu watiwa mafuta wa Bwana wasioguswa. Mpendwa, soma Zaburi yenyewe kwa muktadha wake. Inazungumza juu ya baba zetu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni aya ya kuwalinda wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Sisi tumeigeuza iwalinde wenye kipaza sauti dhidi ya mama mwenye swali.

Geuza ukurasa uone Nehemia wa sura ya 5. Hapa wanaolia ni wajenzi wake mwenyewe na wake zao. Kuna njaa. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka. Wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Wengine binti zao wameshachukuliwa utumwani. Na wanaowakamua ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia angeweza kusema: huu si wakati wake, tuna ukuta wa kumaliza, maadui wako mlangoni, mnatugawanya. Ukweli ni kwamba angekuwa na hoja! Maandiko yanasema alikasirika sana, akatafakari moyoni mwake, kisha akawakabili wakuu mbele ya mkutano mkubwa. Na alipowakabili alikiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wamekopesha watu fedha na nafaka, akasema tuiache riba hii. Alijihesabu ndani.

Mtu yule yule. Kwa Tobia aliomba akaendelea kujenga, hakumjibu neno. Kwa hawa alisimama akarekebisha. Alitofautishaje? Hawa walitaja shamba, walitaja rehani, walitaja binti. Na walikuwa na vumbi la ukuta mikononi. Ukuta wenyewe ulikwisha kwa siku 52, kwa hiyo kusikiliza hakukumpotezea wakati.

Kwa hiyo msimamizi, kabla hujamwondoa mtu kwenye kikundi, msome mara mbili. Wakati mwingine jiwe limefunikwa na matope ya hasira. Mtu ameandika vibaya kwa sababu amechoka, lakini ndani mna jambo la kweli. Lioshe, ulichukue. Usipoteze jiwe zuri kwa sababu limetupwa.

Kuhusu faragha na hadharani, wengi huniuliza. Mathayo 18 inaanza na wewe na ndugu yako peke yenu, na mimi naona hiyo ndiyo njia ya kawaida. Lakini Wagalatia 2 Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote, kwa sababu Petro alijitenga na watu wa mataifa mbele ya watu wote na wengine wakaanza kumfuata. Kosa lililokuwa likiwavuta watu hadharani lilijibiwa hadharani. Waya wa kipaza sauti haukuwavuta watu popote. Ulihitaji ujumbe mmoja kwa mtu mmoja.

Pesa ndiyo inayotuvuruga. Chukua kile kikundi cha bili ya hospitali. Mweka hazina ni dada wa watu, ana kazi yake ya mchana, usiku anahesabu michango ya M-Pesa ya watu 140. Saa tano usiku mtu anaandika mbele ya wote: pesa zetu zimeenda wapi? Maneno manne tu, na dada huyo kesho hatalala. Lakini usimfunge mdomo aliyeuliza, kwa maana pesa za umma lazima zihesabiwe. Angeweza kuandika hivi, tena mbele ya wote: "Dada, asante kwa kazi hii. Jumla ya Jumanne ilikuwa 86,400 na leo naona 81,400. Naomba utueleze hiyo 5,000, na tukikubaliana, uwe unaweka taarifa kila Ijumaa jioni." Swali ni lile lile, na ni gumu vile vile. Kama 5,000 ililipia dawa, dada atasema na risiti ataweka. Kama iliibiwa, nayo itajulikana, haraka kuliko kwa kelele, maana swali lenye hesabu ni gumu kulikwepa. Mwizi anapenda sana swali la jumla. Anaweza kulilia machozi, akasema mnanichukia, na nusu ya kikundi wakamwonea huruma.

Na wewe unayemtetea mweka hazina, usiseme basi njoo uifanye wewe. Najua tunapenda jibu hilo. Mtu anaweza kuonja chumvi imezidi bila kuwa mpishi.

Usiku huu, kabla hujalala, pitia simu yako. Kuna mtu wa kujitolea ambaye una neno naye, labda umelibeba tangu Jumapili. Liandike kwanza mahali pa siri. Tafuta ndani yake jiwe ni lipi: siku gani, kiasi gani, sehemu gani. Usipolipata, lifute ulale. Ukilipata, namba yake unayo. Tafadhali usiliweke hapa chini ya andiko hili.